Bureti za Vuronga

Jumamosi ya kwanza ya Agosti, saa mbili asubuhi, Agape aliwakuta wanafunzi ishirini na watatu wa kidato cha nne wamejikunyata kwenye baraza ya maabara ya Sekondari ya Vuronga. Ukungu ulioshuka kutoka msitu wa Shengena ulikuwa haujaondoka, na vikombe vya chai ya tangawizi vilikuwa vinazunguka mkono kwa mkono. Aliegemeza ubao ukutani, akachora bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia asidi, kwa chaki kuanzia mdomo mpaka ncha, akaandika namba kutoka sifuri juu hadi hamsini chini, halafu akageuka.

"Inueni mkono wa kushoto," alisema. "Koki inashikwa kwa kidole gumba na vidole viwili. Elibariki, hivyo unakamua ng'ombe."

"Madam, sisi nyumbani tuna mbuzi."

"Hata mbuzi angekupiga teke. Legeza vidole."

Walicheka, wakalegeza. Mikononi mwao hapakuwa na kitu. Mlango wa maabara ulikuwa nyuma yao, na ulikuwa na kufuli.

Jengo hilo lilijengwa kwa msaragambo miaka tisa iliyopita. Pembe ilipigwa jioni, na kulipokucha kila nyumba ikatoa mtu wa kubeba mawe kutoka korongoni. Wilbard, baba yake Agape, ambaye ni mwashi, akayapanga. Lilipokamilika wakaambiwa lisifunguliwe mpaka vifaa vifike. Vifaa havikufika. Mkuu wa shule, Mwalimu Hamidu, alikaa na ufunguo, na ndani akahifadhi madawati yaliyovunjika.

Agape alisoma hapo hapo. Bureti ya kwanza kuishika maishani aliishika ndani ya chumba cha mtihani wa kidato cha nne, nayo ilikuwa ya kuazima. Aliivunja dakika ya sita. Alinusurika kwa alama chache, akaenda mbele, na sasa alikuwa anaingia mwaka wa tatu wa ualimu wa kemia, chuo kikuu, Dodoma. Lakini tangu mwaka ule wenye vifaa walikataa kuviazimisha tena mlimani, na watahiniwa wa Vuronga wakawa wanaingia kwenye mtihani wa vitendo mikono mitupu na kutoka mikono mitupu. Ndiyo sababu, chuo kilipofunga, Agape hakubaki mjini kutafuta kibarua kama wenzake. Alirudi nyumbani, akamwambia Mwalimu Hamidu kwamba atafundisha kila Jumamosi na kila Jumatano jioni, na mwaka huu watu watafaulu.

"Kwa vifaa gani?" Mwalimu Hamidu aliuliza.

"Kwanza wavijue. Kujua hakuhitaji ufunguo."

Aliwafundisha bureti kama mtu anavyofundisha njia ya kwenda kwao. Unene wake, ubaridi wake, namna maji yanavyojipinda juu kama kitanda kilicholegea kamba, na kwamba unasoma pale chini kabisa pa huo mpindo, jicho likiwa usawa wake. Aliwafundisha pipeti, chupa, kijiti cha kukorogea, moto wa gesi. Aliyekosea hata kimo cha koki alirudia kuanzia mwanzo.

Jumamosi ya tatu, saa nne kasoro dakika chache, tone likadondoka kutoka mkononi mwa Naserian.

Naserian alitoka tambarare ya Ruvu. Baba yake, Saning'o, alipoteza ng'ombe thelathini kwa sindano ya dawa isiyo sahihi, na siku hiyohiyo akaamua kwamba katika nyumba yake lazima apatikane daktari wa mifugo. Alimpeleka binti mlimani akae kwa familia moja ya Kilutheri, kwa kuwa alisikia watu wa mlimani hawana mchezo na shule. Kila mwisho wa mwezi alipiga simu ya Mwalimu Hamidu na kuuliza swali moja: "Ameshashika chupa?" Mwalimu Hamidu alijibu bado. Saning'o alikata simu.

Tone lilianguka kwenye ngazi ya saruji, likatoa sauti ndogo na povu. Agape akainama, akaliangalia.

"Umefungua koki mno," alisema. "Tone moja moja."

Naserian akapunguza. Maji ya njano yalikaa hewani usawa wa kifua chake, yameshika umbo la chupa, na alipoyazungusha yalizunguka. Kwa tone moja la mwisho yakageuka rangi ya chungwa. Akainama, jicho usawa.

"Ishirini na nne nukta sita."

"Andika. Rudia mara mbili zaidi."

Kufika saa sita, kumi na mmoja wao walikuwa wanamimina. Elibariki, ambaye hakuijifunza vizuri ile koki, bureti yake ilivuja na asidi ikala mkono wa sweta lake. Agape alimwambia aoshe kwa maji mengi, kisha akaisome koki.

Septemba ilipoingia, wote ishirini na watatu walikuwa na vifaa. Kijiji kilizoea upesi, kwa sababu kulikuwa na kazi za kufanya. Mama mmoja alikanyaga kioo kwenye uwanja wa shule, akakatwa na kitu kisichoonekana, akaja kulalamika, na Agape akaweka sheria kwamba anayevunja anafagia na kuonyesha amefagilia wapi. Mzee wa kanisa alisema benchi la pili linanuka amonia. Ikapatikana kwamba Elibariki alikaa hapo na mtungi, akaambiwa mitungi isiingie ibadani.

Faida nayo ilionekana. Mama Esta, ambaye nyumba yake inapakana na shule, aligundua kwamba moto wa gesi wa Naserian hauli kuni. Alileta sufuria ya makande asubuhi, akaomba iwekwe pembeni. Makande ya Upare ni chakula cha subira, mahindi na maharage yanachemka mpaka mtu anasahau alikuwa na njaa. Haya yaliiva saa saba, juu ya kitu ambacho hakuna aliyekinunua.

"Madam, huu moto hauwezi kubaki mpaka jioni?" Mama Esta aliuliza.

"Ni wa somo, mama."

"Na mimi si ninajifunza? Nimejifunza kwamba kuni nilikuwa naibiwa."

Katikati ya Septemba Agape alishuka Same kutoa nakala za maswali. Alimwachia Mwalimu Hamidu darasa. Gari lilipovuka kanisa na kukata kona, vifaa vikaondoka. Asidi ikamwagika kwenye baraza kwa mkupuo mmoja, sufuria ya Mama Esta ikaanguka, mikono ikabaki mikono. Mwalimu Hamidu aliwaambia wachukue madaftari, akawafundisha nadharia mpaka saa nane. Agape aliporudi jioni, alipofika kona ileile, Naserian akahisi ubaridi wa kioo kwenye kiganja.

Kesho yake walipima. Agape alitembea kwenda bondeni huku Elibariki amesimama juu ya ukuta na shati jeupe la kupunga. Vifaa vilipotoweka Elibariki alipunga, na Agape akasimama na kuchomeka kijiti. Walirudia mara tatu. Ilikuwa hatua mia nne na ishirini, na Naserian akaiandika ubaoni kama matokeo mengine.

Hesabu ilikuwa rahisi. Chuo kilikuwa kinafunguliwa tarehe ishirini na saba Oktoba. Mtihani wa vitendo ulikuwa Novemba. Dodoma si hatua mia nne na ishirini.

"Kwa hiyo, Madam, siku ile tutakuwa..." alianza Elibariki.

"Mtakuwa na vifaa vya kununuliwa," alisema Agape. "Vile ambavyo mimi nikiondoka haviondoki. Nitavileta."

Aliandika barua kwa mradi mmoja wa vifaa vya sayansi uliokuwa na ofisi mjini. Barua ilikuwa na mistari minne. Mradi ukajibu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mtu wao, Bwana Vitus, angepanda Vuronga Jumamosi ya kwanza ya Oktoba na sanduku. Pembe ikapigwa. Siku mbili nzima watu walifukia mashimo na kuondoa mawe barabarani ili gari lenye vioo lisitikisike.

Ijumaa jioni Mwalimu Hamidu alimwita Agape ofisini, akafunga mlango.

"Kesho watoto wakae tu," alisema. "Wakunje mikono. Ukimuuliza mmoja bureti ni nini, akune kichwa."

"Kwa nini?"

"Nimekaa kazini miaka ishirini na sita, binti yangu. Mgeni akikuta huna, anaweza kukupa. Akikuta unajikongoja, anakupa pole. Akikuta unaweza, anakupigia makofi na kuondoka."

"Mwalimu, wale watoto wamekesha na koki miezi miwili. Siwezi kuwafundisha ujinga kwa siku moja, hata kwa sanduku. Akiona wanavyofanya bila kitu, atajua watafanya nini wakipewa. Mtu mwenye akili ataleta mawili."

"Ungekuwa mwashi kama baba yako," alisema Mwalimu Hamidu, "ungejua hakuna anayemletea matofali mtu ambaye nyumba yake imeshasimama."

"Yangu haijasimama. Inaning'inia."

Mwalimu Hamidu akafungua mlango.

Bwana Vitus alifika saa tatu na nusu. Alikuwa mtu mpole, amevaa koti la mvua, na alisalimia wazee kwa shikamoo mmoja mmoja bila kuruka. Nyuma ya pikapu palikuwa na sanduku la mbao lenye jina la shule kwa rangi nyekundu. Kila aliyepita alilisoma. Saning'o naye alikuwa amepanda kwa pikipiki tangu alfajiri, shuka mbili mwilini kwa ajili ya baridi ya mlimani na fimbo mkononi, na alisimama karibu na gari, si karibu na darasa.

Agape aliwapanga wanafunzi mstari mmoja. Aliinua mkono wa kushoto na wote wakainua. Wakajaza, wakasoma sifuri, wakafungua koki. Njano ishirini na tatu zikageuka chungwa, moja baada ya nyingine, kama taa za mtaa. Bwana Vitus alipita katikati yao kwa uangalifu, akikwepa vifaa visivyoonekana. Alikuwa mtu wa adabu.

"Usomaji wako wa kwanza na wa tatu unatofautiana kiasi gani?" alimuuliza Naserian.

"Sifuri nukta moja."

"Kwenye shule za mjini wanatofautiana nukta tano, tena wana vioo vizuri." Akaandika. "Na hii asidi mnaitoa wapi?"

"Wanaijua," alisema Agape.

Bwana Vitus akaandika: Wanaijua.

Mama Esta alimletea makande, akaeleza yamepikwa na nini. Bwana Vitus alikula sahani mbili, akafuta mikono, akafunga daftari. Alionekana mtu aliyeguswa kweli.

"Ndugu zangu," alisema, "nimetembelea shule kumi na moja. Hii ndiyo ya kwanza ambayo sina cha kuiongezea. Nina masanduku manne tu. Siwezi kuacha moja mahali ambapo vifaa vipo, wakati wengine hawana kabisa."

"Hatuna," alisema Agape.

"Nimeviona kwa macho yangu, Madam. Ingawa, kweli, sikuviona."

"Vipo nikiwepo. Nikizidi hatua mia nne na ishirini vinaondoka. Tumepima, ubao ule pale. Tarehe ishirini na saba nakwenda chuoni. Mtihani ni Novemba."

Bwana Vitus alikwenda kwenye ubao, akasoma vipimo vyote vitatu. Alifikiri kwa muda mrefu, na alifikiri kwa nia njema.

"Basi ningekushauri usiende," alisema, kama mtu anayemwambia mwenzake abebe mwavuli.

Wilbard alisogea mbele. "Haya mawe tulibeba sisi," alisema. "Miaka tisa tunangoja sanduku."

"Nimeyaona, mzee wangu. Kazi safi sana. Nayo nimeiandika."

"Sikukuuliza umeandika nini."

"Wilbard," alisema Mwalimu Hamidu, kwa sauti ya chini. Alikuwa anamtazama Agape, na usoni hapakuwa na kujigamba. Ingekuwa afadhali kungekuwa nako.

Dereva aliwasha gari. Hapo ndipo Saning'o alipoweka mkono juu ya sanduku.

"Fungua," alisema.

"Mzee, limefungwa kwa safari."

"Nimetoka Ruvu saa kumi alfajiri. Fungua."

Bwana Vitus alimwangalia, akaangalia fimbo, akamwambia dereva azime. Walibandua mbao mbili. Saning'o akaingiza mkono ndani ya magazeti, akatoa bureti ya kioo, ndefu, safi, yenye namba za bluu. Aliitazama juu na chini kama anavyotazama ndama wa kununua. Kisha akamnyooshea binti yake.

"Shika."

Naserian akafuta mikono kwenye sketi, akaipokea. Aliishika kama alivyofundishwa, gumba na vidole viwili. Akaigeuza, akaangalia mlima kupitia ndani yake. Wenzake walisogea, kila mmoja akagusa kwa ncha ya kidole, halafu Bwana Vitus akaiomba kwa upole, akaiviringisha kwenye gazeti, akairudisha.

Gari likashuka. Barabara ilikuwa imetengenezwa vizuri mno, na vioo havikulia hata mara moja.

"Ikoje?" Saning'o aliuliza.

"Ni nyepesi kuliko yetu," alisema Naserian.

Saning'o alitikisa kichwa. "Lakini hiyo ungeiacha mezani, na kesho ungeikuta."

Wiki hiyo Agape hakulala vizuri, lakini hakuchukua muda mrefu kuamua. Kanuni za chuo zilikuwa wazi, asiyeripoti kwa wakati anaahirisha mwaka mzima. Alimwandikia mkuu wa kitivo kwamba anaahirisha kwa sababu za kifamilia. Wilbard aliposikia, aliweka mwiko wa saruji chini.

"Familia gani?"

"Ishirini na watatu."

"Wewe umesoma kwa tangawizi yangu, Agape. Kila gunia la tangawizi lililoshuka mlima huu lilikuwa wewe. Sasa unakaa kuwashikia watoto wa watu mikono?"

"Baba, nikiondoka wataingia kama nilivyoingia mimi."

"Na wewe si ulitoka?"

"Nilitoka mmoja."

Wilbard aliinama. Alichukua mwiko, akaendelea na ukuta wa jirani, na siku tatu hakula mezani pamoja naye. Siku ya nne alikula.

Siku ya mtihani, Agape hakuruhusiwa kuingia. Alisimama nje ya uzio wa shule, kwenye ukungu, akiwa amehesabu hatua mia moja na kumi, mkono wa kushoto juu, wa kulia unazungusha. Askari aliyekuja kulinda mtihani akamsogelea.

"Dada, hapa pana mtihani. Unafanya nini?"

"Nashika bureti."

Askari aliangalia mikono yake, akaangalia darasa, akarudi nyuma hatua mbili ili asije akaigonga. Ndani, msimamizi aliyetoka shule nyingine alipita kati ya meza akisema kila mtu achunge chupa ya jirani yake. Ilichukua saa mbili na nusu. Agape hakushusha mkono hata mara moja, na jioni Mama Esta ilibidi amlishe kwa kijiko.

Matokeo yalitoka Januari. Ishirini na mmoja walifaulu kemia. Naserian alipata alama ya juu kabisa, akapangiwa kidato cha tano kuchukua sayansi. Elibariki alipata C na akasema ni kwa sababu ya ile koki. Saning'o alimtuma mtu na beberu kwa Agape, bila ujumbe wowote.

Barua ya mradi ilifika Februari, ina muhuri. Mwalimu Hamidu aliipeleka mwenyewe nyumbani kwa Wilbard, akaketi, akaomba Agape aisome kwa sauti. Mradi uliipongeza Vuronga kwa mfano bora wa kujitegemea. Kwa kuwa shule imethibitisha kwenye mtihani wa taifa kwamba haina upungufu, imeondolewa kwenye orodha ya wanaosubiri. Aidha, Madam Agape aliombwa aandike kurasa mbili za maelezo, ili shule nyingine saba nazo ziweze kuondolewa.

Wilbard alisikiliza mpaka mwisho.

"Wa kidato cha nne mwaka huu ni wangapi?" aliuliza.

"Thelathini na mmoja," alisema Mwalimu Hamidu.

"Na chuo kinafunguliwa tena mwezi wa kumi?"

"Mwezi wa kumi, mwishoni," alijibu Mwalimu Hamidu.

Wote wawili walimtazama Agape. Alikuwa ameshaiweka barua chini, amesimama kwenye bomba la uani, anasuuza bureti. Aliipindua kichwa chini, akangoja tone la mwisho lidondoke, kisha akaitundika ukutani, mahali ambapo hapakuwa na msumari.